Nani hutunga hadithi mezani, mtambaji au dadu?

Miaka kadhaa iliyopita, katika kikao cha kupitia mapendekezo ya utafiti wa uzamili, mwanafunzi mmoja alisimama mbele yetu akasema angependa kuchunguza usimulizi katika michezo ya fantasia, ile inayochezwa na watu wanne watano wakiizunguka meza, wakiwa na penseli, karatasi na dadu. Mwenyekiti wa kikao nilikuwa mimi. Sikumwacha afike ukurasa wa pili. Nilimwambia kwamba fasihi haitungwi kwa dadu, na kwamba kama anataka kuhakiki michezo basi aende kwa watu wa spoti. Wenzangu walicheka kile kicheko cha kikao. Kijana akakunja karatasi zake. Baadaye aliandika tasnifu kuhusu taswira katika riwaya mbili, kazi safi isiyo na kosa wala moto ndani yake, akafuzu, akaenda zake.

Msomaji mpenzi, nilikosea. Na kosa lenyewe ni la kihakiki, tena ni la wengi wetu tunaofundisha fasihi, ndiyo maana nalileta ukumbini. Tunadhani kanuni za mchezo ni ganda tu na hadithi ndiyo kokwa, kwamba ukilibandua ganda utabaki na hadithi yako nzima mkononi. Sivyo hata kidogo.

Tuanze na mchezo wenyewe kwa wasioujua. Mnamo Januari 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 za kwanza. Asili yake ilikuwa michezo ya vita, ile ya kupanga vikosi vya visanamu vya askari juu ya meza na kuamua kwa dadu kikosi kipi kimevunjika. Gygax alikuwa ameshiriki kutunga kanuni za vita vya namna hiyo zilizoitwa Chainmail, mwaka 1971. Arneson naye, huko Minnesota, alikuwa amefanya jambo lililoonekana dogo: badala ya kumkabidhi mchezaji jeshi zima, alimkabidhi mtu mmoja. Mtu huyo akinusurika leo, anarudi wiki ijayo na makovu yake, mali yake na maadui zake. Hapo ndipo kisanamu cha vita kilipogeuka mhusika.

Mchezo huendeshwa hivi. Mmoja wa wachezaji ni mwamuzi. Yeye ndiye ajuaye ramani ya pango, kilichojificha nyuma ya mlango, na nia ya kila zimwi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, mwizi, mchawi, kasisi. Mwamuzi husimulia wanachokiona, nao hueleza wanachotaka kufanya. Penye shaka juu ya matokeo, dadu hurushwa, na kanuni husema nambari hiyo ina maana gani. Hakuna ubao wa lazima, hakuna mshindi, na mara nyingi hakuna mwisho. Watu wamecheza mhusika mmoja miaka na miaka.

Mwaka 1958 Mfaransa Roger Caillois aliandika kitabu kuhusu michezo na wanadamu ambacho hadi leo hunukuliwa na kila mtu, nami nikiwemo. Humo alidai kwamba mchezo ama una kanuni ama ni wa kujifanya, si vyote viwili. Tukilitia dai hilo katika mazingira yetu, bao lina kanuni kali, mashimo 32 na kete 64, wala hakuna anayejifanya mfalme anapotakata. Kalongolongo kwa upande wa pili ni kujifanya kutupu: wewe baba, mimi mama, huu mchanga ni ugali, na hakuna kanuni ya kusema ugali umeungua. Caillois hakuwa mjinga. Kwa michezo mingi aliyoijua, mambo yalikuwa hivyo. Lakini miaka 16 baadaye kisanduku kile cha Lake Geneva kilichukua bao na kalongolongo kikaviozesha. Sasa kuna kanuni ya kusema ugali umeungua, na aliyeupika hana budi kutafuta la kuwaambia wageni.

Na kusema kweli, kama Caillois angepitishwa vijijini kwetu jioni moja, angekutana na ndoa hiyo mapema zaidi. Hebu kumbuka vitendawili. Mtegaji anatega, hadhira inajaribu, inashindwa. Je, jibu linatolewa papo hapo? La. Mtegaji anadai mji. Anapewa Lamu, au Kisumu, au hata London siku hizi. Anaenda. Anatueleza alivyopokewa, alichokula, aliyemwona huko, na yule aliyeshindwa mara nyingi ndiye anayechekwa ndani ya safari hiyo. Ndipo jibu litoke. Tumekariri utaratibu huu shuleni hadi tukausahau ulivyo wa ajabu. Ni kanuni ya mchezo, inaadhibu kushindwa, na adhabu yenyewe ni hadithi. Iondoe kanuni ya mji na kile kisafari chote hakipo, maana hapana aliyekipanga. Kimezaliwa na kushindwa kwa hadhira.

Sasa turudi pangoni. Ninao mkononi mfano wa hesabu ambao ulinifungua macho kuliko nadharia yoyote. Toleo la kijitabu cha wanaoanza lililohaririwa na Tom Moldvay mwaka 1981 linasema kwamba mpiganaji anahitaji alama 2,000 za tajriba ili apande kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili. Alama hizo zinapatikanaje? Kuua kibwengo mmoja, yaani kile kijitu kiovu cha pangoni, kunaleta alama 5. Lakini kila sarafu moja ya dhahabu inayotolewa pangoni salama inaleta alama 1. Piga hesabu. Mpiganaji wetu ama aue vibwengo 400, kila mmoja na kisu chake, ama atoke na sarafu 2,000 ambazo huenda ziko ndani ya sanduku moja.

Hakuna mahali katika kijitabu hicho palipoandikwa kwamba hii ni hadithi ya wajanja. Hapahitajiki. Mchezaji yeyote mwenye akili ataona kwamba vita ni hasara na kwamba njia ni kunyemelea, kuhonga, kudanganya, kuzunguka. Isitoshe, kanuni nyingine humo inamtaka mwamuzi arushe dadu mbili ili ajue zimwi lina hisia gani linapokutana na wageni: zikija 2, linashambulia mara moja, zikija 12, linawapenda ajabu, katikati kuna kusitasita na kujadiliana. Hata joka lina uwezekano wa kukutwa limelala. Unganisha kanuni hizi na utapata nini? Utapata Sungura! Mdogo, mnyonge, mwenye maneno, anayeingia kwenye shamba la mkubwa na kutoka na mali. Sidhani Moldvay alimjua Sungura wetu. Hesabu yake ndiyo iliyompeleka huko.

Matoleo ya baadaye yalibadilisha hesabu. Lile la 1989 liliifanya alama kwa sarafu kuwa hiari, na lile la 2000 likaja na utaratibu wa kutuza changamoto zilizoshindwa, ambazo kwa wengi mezani zilikuwa mapambano. Joka ni lile lile, pango ni lile lile, picha kwenye jalada zimependeza zaidi. Ila sasa wachezaji wanamwamsha joka. Sungura ameondoka na mahali pake ameingia Liyongo mwenye misuli. Sisemi hadithi ya Liyongo ni mbaya, la hasha. Nasema hakuna aliyeketi akaamua kubadilisha hadithi. Ilibadilishwa hesabu, na hadithi ikafuata kama mkia.

Ndiyo maana huwa nashangaa nikimsikia mtu akisema eti mwamuzi hodari hahitaji kanuni, hadithi ndiyo muhimu. Hadithi ipi?

Niliyajua haya kwa nadharia tu hadi likizo ya Agosti iliyopita, wajukuu waliponikalisha mezani. Mkubwa wao, wa kidato cha tatu, ndiye aliyekuwa mwamuzi, naye alikuwa na kijitabu hicho hicho cha 1981 alichoachiwa na mjomba wake. Nilipewa mchawi. Mchawi wa ngazi ya kwanza hurusha dadu ya nyuso nne kupata alama zake za uhai, nami nikapata 3. Kisha anaruhusiwa uganga mmoja tu kwa siku, na akishautumia unamtoka kichwani kabisa, hadi kesho ausome tena. Wazo hili la uganga unaosahaulika lilitoka kwenye hadithi za Jack Vance, hususan kitabu chake The Dying Earth cha 1950, nalo ni mfano mzuri wa jambo lililotoka kwenye fasihi, likageuka kanuni, kisha likarudi kuzaa fasihi. Kwa Vance ni pambo la kupendeza. Mezani ni uamuzi unaokutoa jasho: niutumie sasa au niungoje mlango wa mwisho?

Mimi, kwa pupa ya mgeni, niliutumia mlango wa kwanza. Vibwengo watatu wakalala fofofo, nikasifiwa na meza nzima. Saa moja baadaye tulikuwa kwenye ujia mwembamba, gunia la dhahabu tumeshalipata, na kibwengo mwingine akatokea gizani akinielekea. Sikuwa na uganga. Sikuwa na ngao, wachawi hawaruhusiwi. Ili anipate, mjukuu wangu alihitaji 10 au zaidi kwenye dadu ya nyuso ishirini. Alikuwa amesimamisha daftari la hesabu mbele yake kuficha ramani, na akarusha dadu nyuma ya daftari hilo. Kukawa kimya.

"Nne," akasema. "Amekukosa, Babu."

Dada yake, aliyekaa ubavuni pake, aliangua kicheko. Nikajua. Haikuwa nne.

Sasa jambo la ajabu, na ndilo lililonifanya niandike, ni kile nilichohisi. Sikuhisi nafuu. Nilihisi kama mtu aliyekuwa anasoma riwaya akaona ghafla mkono wa mwandishi ukitokeza kwenye ukurasa kumpangusa vumbi. Kibwengo hakuwa tena kibwengo. Giza halikuwa giza. Tulikuwa sebuleni, kuna mtoto mwema anayempenda babu yake, na chai imepoa. Mholanzi Johan Huizinga, aliyeandika juu ya uchezaji mwaka 1938, alitofautisha anayeiba mchezo na anayeuharibu. Mwizi, alisema, angalau hujifanya bado anaheshimu mchezo na hivyo ulimwengu wake hubaki umesimama. Kwa heshima zote, mezani kwetu haikuwa hivyo. Mjukuu wangu aliiba kwa upendo, na ulimwengu ukaporomoka.

Nikamwomba alitoe daftari. Dadu ilikuwa imekaa hapo hapo ilipoangukia: 17. Kibwengo alinichoma, dadu ya nyuso sita ikatoa 5, na kwa kanuni za kijitabu kile mtu akifika sifuri amekufa, hakuna mjadala.

Kilichofuata hakikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Kijitabu hicho hupima mzigo kwa sarafu: sarafu 10 ni ratili moja, na hapana abebaye zaidi ya sarafu 1,600. Mwamuzi alisema, kwa sauti iliyokuwa imepoteza mchezo kidogo, kwamba maiti ya mzee ni mzigo wa watu wawili. Wachezaji waliosalia walikuwa watatu na gunia lilikuwa zito. Wakimbeba mchawi, nusu ya dhahabu ibaki. Dhahabu ikibaki, alama za tajriba zinabaki nayo. Mjukuu wangu wa kike, yule aliyecheka, alikuwa mwizi, na alama 1,200 alizozihitaji kufika ngazi ya pili zilikuwa pale kwenye gunia, amezihesabu mara mbili kwa kidole. Waligombana karibu nusu saa. Mvulana wa tatu alitoa hoja kwamba mfu hana haja, na kijitabu kilikuwa upande wake. Mwishowe msichana alimwaga sarafu zake sakafuni moja kwa moja, akihesabu kwa sauti hadi mzigo ukatosha, akamshika mchawi miguu.

Nimesoma vifo vingi katika fasihi ya Kiswahili na nimevifundisha. Nilikaa pale, marehemu nikinywa chai baridi, nikamsikiliza mtoto wa darasa la nane akihesabu bei ya kunizika. Kama kaka yake angesimulia tu kwamba "wenzake walihuzunika wakambeba", ingekuwa sentensi. Ni hesabu ya kijitabu, ile ya sarafu na uzito na ngazi, iliyofanya huzuni iwe na gharama. Na hesabu hiyo ingekuwa bure kama dadu ile ingebaki 4.

Wapo watakaonipinga, na wanaye wakili mkubwa. Gygax mwenyewe, katika kitabu chake cha waamuzi cha 1979, alimpa mwamuzi mamlaka ya kupuuza dadu inapobidi. Namwelewa. Kanuni haina macho. Mchezaji aliyefanya kila jambo kwa busara anaweza kuuawa na nambari ya kijinga, na hadithi ikafa nayo. Lakini tazama mamlaka hayo yanapofanywa mfumo. Mwaka 1984 kampuni iliyochapisha mchezo huu ilianza mfululizo wa Dragonlance, uliobuniwa na Tracy Hickman na kuandikwa naye pamoja na Margaret Weis na wenzao, vitabu vya mchezo vikienda sambamba na riwaya. Watu walikuwa wamechoka na mapango yasiyo na maana, walitaka kisa kikubwa cha vita vya majoka, na walikipata. Ila kisa kilikuwa kimeshapangwa, na mashujaa wake walihitajika hai kwenye kitabu kinachofuata. Kwa hiyo waamuzi walielekezwa kwamba mhusika muhimu akifa, afie pasipoonekana, maiti isipatikane, ili aweze kurejea baadaye kwa maelezo fulani.

Kama msomaji wa riwaya sina ugomvi. Waandishi wamefufua wahusika tangu zamani. Kama mchezaji, hapo nimevishwa vazi la shujaa na kuwekwa kwenye gari lililofungwa milango. Naweza kuchagua wimbo wa kuimba njiani. Daftari la hesabu la mjukuu wangu limechapishwa na kuuzwa.

Wasomaji wa safu hii watakuwa wameshaona ninakoelekea, maana sisi wa ushairi tumegombania jambo hili kwa miongo. Mwaka 1954 Amri Abedi alitupa sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa kisanduku cha Lake Geneva, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi na kuzitupa vina na mizani. Tuliyageuza mabishano hayo kuwa ya uaminifu na uasi, jadi na usasa. Lakini waulize watunzi wa tarbia wanavyofanya kazi, si wanavyojitetea. Atakwambia kwamba alitaka kusema jambo moja, kina kikamkatalia, akatafuta neno jingine, na neno hilo likamfikisha kwenye wazo ambalo hakulijua kabla ya kukaa chini. Kina kilimwambia hapana. Hiyo ndiyo kazi ya dadu. Na pale ambapo kina hakimkatalii tena mtu yeyote, ambapo mtunzi ana ghala la maneno yanayoishia kwa "-ani" na anayapanga kama vyombo kabatini, hapo Kezilahabi alikuwa na haki zote. Swali si kama kanuni ipo. Ni kama ina uwezo wa kumkatalia fanani, na kama inamkatalia mahali panapohusu jambo analolisema.

Kwa kipimo hicho Dungeons & Dragons yenyewe haifuzu kila mtihani. Kurasa nyingi mno za kanuni zake ni za mapigano, na tabia ya mhusika imeachiwa lebo. Toleo la 1974 lilikuwa na lebo tatu, Sheria, Kati na Vurugu, wazo lililotokana na riwaya za Poul Anderson na Michael Moorcock. Unaandika "Sheria" kwenye karatasi na unaendelea kuiba. Greg Stafford aliona pengo hili, na mwaka 1985 katika Pendragon, mchezo wa mashujaa wa Mfalme Arthur, alipanga tabia jozi jozi, ushujaa na woga, huruma na ukatili, kila jozi ikijumlisha 20. Ukizidi huruma, ukatili unapungua. Na ipo siku dadu itarushwa, nayo ikwambie kwamba shujaa wako, uliyemtaka awe jasiri, leo ameogopa. Wachezaji wengine huchukia hilo. Mimi naona ni mara ya kwanza mchezo wa namna hii kuweza kumchora mtu mwenye nafsi isiyomtii. Miaka minne kabla yake, Sandy Petersen alikuwa ameweka katika Call of Cthulhu alama za utimamu wa akili zinazopungua mhusika anapoona yasiyoonekana, na hata anapovisoma vitabu vya siri anavyovihitaji ili aokoke. Mpelelezi anayejua zaidi ndiye anayekaribia wazimu. Hiyo ni falsafa nzima ya H. P. Lovecraft, imekaa kwenye jedwali.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote umejengwa kwa neno letu. Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika, alibuni mchezo wa vipande vya mbao na kuuzindua London mwaka 1983 kwa jina la Jenga. Ndiyo, ni kitenzi kile kile, katika hali ya kuamuru. Vipande 54, vitatu vitatu, ghorofa 18. Unachomoa cha chini unakiweka juu, na atakayeuangusha mnara ameshindwa. Mwaka 2005 ukachapishwa mchezo wa hadithi za kutisha uitwao Dread, ambao hauna dadu hata moja. Mnara wa Jenga unasimama katikati ya meza. Mhusika wako akitaka kufanya la hatari, kuruka dirisha, kufungua mlango uliokwaruzwa kwa ndani, unachomoa kipande. Ukikataa kuchomoa, jambo hilo linakushinda lakini uko hai. Ukichomoa mnara ukaanguka, mhusika wako ametoweka kwenye kisa, kwa kawaida amekufa.

Hebu fikiri hilo linafanya nini. Saa ya kwanza hakuna anayeogopa. Mnara ni imara, wahusika wanathubutu, wanapayuka. Saa ya tatu mnara umejaa mapengo, mkono wa mchezaji unatetemeka kwelikweli, na ule wa mhusika wake unatetemeka hivyo hivyo kwenye kitasa. Umbo la hadithi ya kutisha, taharuki inayopanda polepole hadi isivumilike, halikusimuliwa na mtu; limo ndani ya mbao. Ipo na kanuni moja zaidi, ndogo, ambayo ningempa tuzo aliyeiwaza: mchezaji anaweza kuusukuma mnara mwenyewe kwa makusudi. Mhusika wake anaangamia, lakini jambo alilokuwa analifanya linafaulu. Kwa hiyo sadaka inawezekana, na haiwezekani kwa bahati mbaya. Na mnara ukishaanguka hakuna daftari la kuuficha. Sauti yake inasikika hadi jikoni.

Neno letu linasema jenga, na kila mtu mezani anangoja kubomoka. Sijui kama wachezaji wa Marekani wanauona utani huo.

Yule mwanafunzi nilimtafuta. Anafundisha shule ya upili sasa, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu anayesubiri kuombwa mchango wa harusi. Nilimwambia nilichokuja kumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Profesa, ulikuwa mhusika gani?" Nikamweleza: mchawi, alama tatu za uhai, nilitumia uganga mlango wa kwanza. Alicheka hadi nikalazimika kuisogeza simu mbali na sikio. Nilimwuliza kama bado anazo zile karatasi za pendekezo lake. Zimeletwa Jumatatu, zimekunjwa mahali pale pale. Leo nimefika ukurasa wa nane, na kwenye ukurasa wa tatu kuna hoja kuhusu vitendawili na kanuni ya mji ambayo, hadi jana, nilidhani ni yangu.